Lile zulia la kijani mbele ya nyumba

Wengi mkipita hapa kwangu Uyole mnauliza zile ni nyasi gani. Sio nyasi, ni thaimu, ila sio ile ndefu ndefu ya kutia kwenye nyama, hii ni ya kutambaa, kitaalamu Thymus serpyllum, asili yake Ulaya na inaenda juu sentimita 5 mpaka 10 tu, kwa hiyo fyekeo nimeshaliweka stoo.

Pale mbele kuna kimteremko kuelekea barabarani. Miaka yote kilikuwa cha ukoka, na ukoka wa masika Mbeya mnaujua, unafyeka leo wiki ijayo unaanza tena, alafu ikifika Agosti umekauka wote na vumbi linaingia mpaka sebuleni. Maji ya kumwagilia nyasi kiangazi mimi sina, na hata ningekuwa nayo ningemwagilia mboga.

Mara ya kwanza niliipanda Desemba, mvua ndo zimekolea, nikachimba mashimo nikajaza samadi kama napanda kabichi. Kufika Februari mashina yamekuwa meusi, ukivuta linatoka lote, mizizi imeoza. Niliumia jamani, maana miche ile niliikuza mwenyewe kwa mbegu, na mbegu zake ni ndogo kama vumbi, huzifukii, unazimwaga juu ya udongo unazikandamiza kidogo na kiganja alafu kila siku unapuliza maji taratibu zisihame, wiki mbili tatu hivo.

Ilibaki michache juu kabisa ya mteremko kwenye mawe, na hiyo ndo ilinifundisha. Huu ni mmea wa sehemu kavu zenye mawe na jua kali, kinachouua ni maji kutuama. Samadi nayo inaufanya urefuke uwe laini na uachie nafasi katikati. Baridi haiusumbui, hata zile asubuhi za Juni na Julai unakuta umande umeganda juu ya majani, jua likitoka uko vilevile.

Nikaanza upya. Nikang'oa ukoka na mizizi yake yote, na hapa usiharakishe, kipande kidogo kikibaki chini kitatokea katikati ya thaimu na kukitoa ni mateso. Nikachanganya udongo na mchanga wa mtoni na kokoto ndogo, nikatia chokaa ya kilimo kidogo kwa sababu udongo wetu huku nyanda za juu mwingi una tindikali na thaimu haiipendi. Kwenye ile michache nikakata vikonyo vya sentimita 8 hivi, nikatoa majani ya chini, nikachomeka kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, baada ya mwezi vikawa na mizizi. Nikapanda mwishoni mwa Machi, sentimita 25 kutoka mche mpaka mche, zile mvua za mwisho zikaishikisha.

Anayekwambia haina kazi kabisa anakudanganya, mwaka wa kwanza ni palizi ya mkono karibu kila wiki. Ila kila tawi likigusa udongo linatoa mizizi, kwa hiyo mwaka wa pili matawi yalikutana yenyewe kwa yenyewe, magugu yakakosa pa kutokea. Kiangazi kilichopita nimemwagilia mara tatu tu. Maua yakiisha napunguza ncha kwa mkasi, basi, sikati mpaka kwenye shina gumu lisilo na majani kwa sababu huko haichipui tena.

Wakati wa maua ya zambarau nyuki wanajaa, watoto wavae viatu. Na inakanyagwa kidogo tu, pa kupita nimeweka mawe bapa.

Mama mkwe alipokuja kutoka Tukuyu alichuma tawi akanusa, jioni akaitia kwenye chai akaipenda. Nimemfungia vikonyo ishirini kwenye gazeti lenye maji, nikamwambia mama huko kwenu mvua karibu mwaka mzima, usiipande chini, iweke juu ya ule ukuta wa mawe nyuma ya jiko.