Tenga la mwani kule Kilmuir

Jumamosi nilipanda basi kutoka Portree hadi Kilmuir, kaskazini mwa kisiwa cha Skye, Uskoti. Tangu nihamie Glasgow nilikuwa nikitamani kuona jinsi watu wa visiwa vya huku walivyoishi zamani, na niliambiwa pahala pa kwenda ni makumbusho haya ya nyumba za manyasi, yaliyofunguliwa mwaka 1965. Upepo ulikuwa mkali, nikawa natembea nimeushika mtandio kwa mikono miwili.

Nyumba zenyewe zipo uwanjani, ukitoka moja unaingia nyengine: ya mkulima, ya mfumaji, ya mhunzi, ghala, na moja ambayo jioni majirani walikutana kupiga hadithi na kuimba. Kilichonisimamisha kwanza ni mapaa. Manyasi yamepitishiwa kamba, na kila ncha ya kamba imefungwa jiwe. Mawe yananing'inia chini ya upenu, yamezunguka nyumba nzima. Nililishika moja. Ni jiwe la kawaida la kuokota, zito kama mtoto mchanga, na kazi yake ni kulizuia paa lisiondoke na dhoruba ya Atlantiki. Pembe za nyumba zimeviringwa ili upepo usipate pa kushika. Kuta zimejengwa mara mbili, mawe nje na mawe ndani, katikati udongo na kokoto. Miti mikubwa ilikuwa adimu, kwa hiyo mbao za paa mara nyingi zilikuwa zile zilizotupwa ufukweni na bahari. Mbao hizo zilithaminiwa sana: mtu akihama aliziteremsha akaondoka nazo.

Ndani mna giza kidogo na harufu ya moshi. Hawakuchoma kuni, walichoma udongo mweusi wa kinamasi uliokatwa vipande kama matofali na kuanikwa hadi ukauke. Vitanda vimejengwa kama makabati, vina pazia mbele, watu walale wakijifungia baridi nje. Kwa mfumaji kuna kitanda cha mfumi kilichojaza chumba. Kitambaa cha sufu kikishafumwa, wanawake walikaa kuizunguka meza ndefu wakakipigapiga mezani kikiwa kimelowa mkojo uliochacha, ili kishikane na rangi ikolee. Mmoja aliongoza wimbo wa Kigaeli, lugha ya asili ya huku, wengine wakaitikia, na mapigo ya wimbo ndiyo mapigo ya kazi. Nyimbo hizo zipo mpaka leo, kazi yenyewe haipo, na nilifurahi sana kujua kwamba angalau hizo zimesalia.

Lakini nililolifuata Kilmuir bila kujua ni tenga. Tenga la fito, la kubebwa mgongoni, lina ukanda wa kupita kifuani. Lilitumika kubebea ule udongo wa kuchoma, na pia kubebea mwani kutoka pwani kwenda kuirutubisha ardhi ya viazi.

Mwani! Mama yangu analima mwani Paje. Kilimo hicho kilipoanza mashariki ya Unguja mwaka 1989, wanawake ndio walioingia baharini kwa wingi, na yeye alikuwa mmoja wao. Najua uzito wa polo la mwani mbichi linapotoka majini, najua maji yake ya chumvi yanavyomchuruzika mtu mgongoni. Nilisimama mbele ya tenga lile muda mrefu hadi wageni wengine wakanipita.

Mwani wa Skye na visiwa jirani haukuishia shambani. Katika karne ya 18 wenye ardhi waligundua kwamba ukichomwa hutoa majivu yanayohitajika viwandani kutengenezea vioo na sabuni. Tani moja ya majivu ilihitaji takriban tani 20 za mwani mbichi, na wote huo ulikatwa na kubebwa na watu waliosimama ndani ya maji baridi. Wakati wa vita vya Uingereza na Napoleon wa Ufaransa, majivu kutoka ng'ambo yakiwa hayapatikani, bei ilipanda hadi karibu pauni 20 kwa tani. Faida ilikwenda kwa mwenye ardhi. Mkataji alipewa ujira mdogo, na mara nyingi ujira huo ulirudi kwa tajiri yule yule kwa jina la kodi. Watu walipotaka kuhamia Amerika, wenye ardhi waliunga mkono sheria ya mwaka 1803 iliyopandisha gharama za safari za meli, wafanyakazi wasikimbie. Vita vikaisha, majivu ya bei nafuu yakaingia, soko likaanguka. Hapo ndipo wale wale waliozuiwa kuondoka wakaonekana wamezidi, na wengi wakafukuzwa ili ardhi wapewe kondoo. Kuna walioezuliwa na kuchomewa mbao za paa wasipate kurudi.

Nikazitazama upya zile nyumba. Zinapendeza, na waliozitunza wamefanya kazi ya kuheshimiwa. Ila mgeni akipita haraka atadhani watu hawa waliishi hivi kwa kuwa ndivyo walivyopenda. Mkulima wa huku alikuwa mpangaji. Akijenga nyumba bora, angeweza kupandishiwa kodi au kufukuzwa bila kulipwa hata senti kwa jasho lake. Nani angejenga?

Karibu na makumbusho kuna makaburi, na kila mtu huenda kwenye kaburi la Flora MacDonald, mwanamke aliyemsaidia mwanamfalme Charles Stuart, aliyeshindwa vita vya kudai ufalme, kutoroka mwaka 1746 akiwa amevishwa nguo za mtumishi wa kike. Nilikwenda nikamwombea. Moyo wangu, hata hivyo, ulikuwa kwa wanawake wengine, wa Braes, kusini ya Portree. Mwaka 1882 wakulima wa huko walikataa kulipa kodi hadi warudishiwe malisho yao ya mlimani. Ofisa wa mahakama alipoleta hati za kuwafukuza, walimlazimisha azichome moto. Wakaletwa askari polisi wapatao 50 kutoka Glasgow, na wanawake wakawa mbele kuwarushia mawe. Mwaka uliofuata serikali iliunda tume ya kusikiliza malalamiko ya wakulima, na kikao chake cha kwanza kilifanyika hapo hapo Braes. Sheria ikapitishwa mwaka 1886: mkulima anayelipa kodi asifukuzwe, kodi iwe ya haki, na kishamba akirithishe mtoto wake. Kwangu mimi ukuta wa mawe na sheria hiyo ni urithi mmoja, na ningependa kila nyumba pale Kilmuir iwe na hati ya kodi ukutani, pembeni ya birika na sufuria.

Usiku nilimpigia mama nikamhadithia. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika kwenye pauni 20.

"Na bei alipanga nani, mwanangu?"

"Soko, mama. Lakini aliyeuza ni mwenye ardhi. Mkataji alipewa alichopewa."

"Sisi huku bei anakuja nayo mnunuzi." Akanyamaza kidogo. "Na hao wa Braes walikuwa wangapi hata wakasikilizwa?"

Nikamwambia ni vijiji vitatu vidogo tu, lakini walikataa wote kwa pamoja. Akaniuliza maswali mengine mengi: walikula nini miezi ile hawalipi, askari waliwakamata wangapi, wanaume walikuwa wapi. Mengine niliyajua, mengine nimemwahidi kuyatafuta. Kisha akaniambia niyaandike yote kwa Kiswahili, maana Alhamisi kikundi chao kinakutana na anataka kuwasomea wenzake.