Viatu vyekundu vimeninyima usingizi

Jana nilisema nisome kurasa mbili tu nilale. Thubutu! Saa nane za usiku niko macho na kitabu cha mtumba, kinene, kimejaa picha na visa vya filamu za kale za Hollywood. Nilikinunua kwa sababu ya jalada, nikiri.

Kilichoninasa ni viatu alivyovaa Judy Garland kwenye The Wizard of Oz ya 1939. Katika hadithi yenyewe, ya mwaka 1900, vilikuwa vya fedha! Filamu ikavifanya vyekundu ili ving'ae kwa rangi. Kitabu changu cha zamani kinaishia hapo, basi nikashika simu. Kumbe jozi moja iliibwa 2005 kwenye makumbusho huko Minnesota, FBI wakaipata 2018, na Desemba 2024 ikauzwa mnadani kwa dola milioni 32.5, ada ikiwemo. Viatu jamani, na wala havitembelewi.

Ila kisa cha Hattie McDaniel, mwigizaji wa Gone with the Wind, kiliniuma. Mwaka 1940 alikuwa Mweusi wa kwanza kushinda Oscar, na usiku uleule akaketishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu. Tuzo yake aliiachia Chuo Kikuu cha Howard. Ikapotea, mpaka leo. Mwaka 2023 ndipo chuo kikapewa nyingine badala yake. Hapo nilifunga kitabu, nikakaa gizani kidogo.

Mwenye kitabu kingine cha aina hii aniazime. Nitarudisha, haki ya Mungu.