Siku moja maishani mwangu: kuwauguza mijusi wenye ndevu waliotelekezwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kazi huanzia kwenye mizani, kabla taa hazijawashwa, kwa sababu mjusi aliyelala katika ubaridi wa nyuzi 20 hivi za Selsiasi hutulia anapoinuliwa, na uzito wake haujachanganyika na maji wala chakula cha siku hiyo. Jabali, dume aliyekomaa, leo ana gramu 212, ilhali dume wa urefu wake hutarajiwa kuwa na gramu 350 au zaidi. Hamu, jike mchanga mwenye matege, hajapungua. Wa tatu ndiyo kwanza amefika, yumo chumba kingine katika karantini, na kila siku yeye huhudumiwa mwisho ili nisiwapelekee wenzake vimelea kwa mikono yangu.

Saa moja. Nawasha taa. Mijusi hawa, ambao asili yao ni nyika kavu za ndani ya Australia, hawazalishi joto la kutosha mwilini mwao, hivyo jiwe la kuotea jua huhitaji kufika nyuzi 40 hivi, na upande wa pili wa kizimba ubaki karibu na 25 ili mnyama achague mwenyewe. Jabali alitunzwa kando ya dirisha, na aliyemtunza aliamini kwamba jua linamtosha, kumbe kioo cha dirisha huzuia karibu miale yote ya UVB, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho yetu. Bila miale hiyo ngozi haitengenezi vitamini D3, bila vitamini hiyo utumbo haufyonzi kalisi ipasavyo, na mwili unaokosa kalisi huanza kuichota kutoka kwenye mifupa yake wenyewe. Ndiyo maana taya la Hamu, ambaye naye alikosa miale hiyo, lilikuwa laini na vidole vyake vilikuwa vikitetemeka alipoasiliwa. Jiwe lake nimelilaza chini kabisa, kwa kuwa mfupa wa namna hiyo unaweza kuvunjika kwa kuanguka kutoka kwenye tawi fupi tu. Taa za UVB nazo hupungua nguvu huku zikiendelea kung'aa vilevile machoni petu, kwa hiyo hubadilishwa kwa kalenda au kwa kipimo.

Saa tatu. Kufikia sasa miili yao, iliyokuwa imekolea weusi ili ivute joto, imerudi kwenye rangi ya mchanga, na Jabali ameachama mdomo, dalili kwamba joto limemtosha. Namweka katika maji ya uvuguvugu yanayofika kwenye viwiko vyake. Vidole viwili vya mguu wake wa nyuma vimezungukwa na ngozi kavu iliyokwama alipojivua. Pete ya aina hiyo ikiachwa hubana mishipa ya damu hadi kidole kife. Haivutwi kamwe. Hulainishwa kwa maji siku hadi siku mpaka iachie yenyewe, na leo pete moja imetoka. Alipojisaidia majini niliangalia sehemu ya mkojo, ambayo kwa mjusi mwenye maji ya kutosha huwa nyeupe na laini. Yake bado ina umanjano, ingawa haijakauka kama ilivyokuwa.

Saa nne na nusu. Hapa ndipo penye uvumilivu mkubwa kuliko pote. Watu wanaoniletea wanyama waliokonda hutaka kuwaona wakila papo hapo, na ninaelewa huruma hiyo, lakini mnyama aliyebaridi hawezi kumeng'enya chakula, na kilichomo tumboni huoza. Hata akishapata joto na maji, mwili uliozoea njaa ukishibishwa ghafla huvuta fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu kuzipeleka ndani ya seli, na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo Jabali hupewa uji wa wagonjwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, kiasi kilicho chini sana ya mahitaji yake kama alivyoagiza daktari wa mifugo. Anameza polepole, kisha anafumba macho. Nasubiri kabla ya tone linalofuata, na sioni haya kusema kwamba kipindi hiki ndicho ninachokipenda zaidi.

Hamu anakula mwenyewe: majani yaliyokatwakatwa na nyenje waliolishwa vizuri na kunyunyiziwa unga wa kalisi, kwani nyenje kwa asili wana fosforasi nyingi kuliko kalisi, wakati mlo wake unapaswa kukaribia kalisi sehemu mbili kwa fosforasi moja. Spinachi simpi, maana oksaleti zake huishika kalisi.

Saa saba. Usafi wa vizimba na vyombo, na kunawa kwa sabuni kila baada ya kumshika mnyama, kwa sababu mijusi wanaweza kubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, bila wao kuugua.

Saa tisa. Kwa daktari. Kinyesi cha yule mgeni wa karantini kina koksidia, vimelea vidogo vya utumbo, lakini tumekubaliana kwamba dawa isubiri mpaka maji yarudi mwilini mwake. Picha ya eksirei ya Hamu inaonyesha mifupa iliyokuwa hafifu ikianza kukolea. Mkono uliopinda hautanyooka tena, ila umekuwa mgumu, na sasa anaweza kuinua kifua chake kutoka chini anapotembea.

Saa kumi na moja jioni. Chakula kimeondolewa vizimbani, ili wapate saa mbili za joto la kumeng'enyea walichokula.

Saa moja usiku. Nazima taa zote, nakagua kipimajoto cha chumba, na kuandika daftarini uzito, kiasi cha uji na rangi ya mkojo wa kila mmoja. Kesho asubuhi daktari atasoma takwimu za Jabali na kuamua kama uji uongezwe.