Revolva fupi iliyotumika: anza na silinda, rangi baadaye

Anayetafuta revolva, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ya mtutu wa inchi 2 mara nyingi huvutwa na rangi na mpini. Rangi inadanganya. Bodi iliyopakwa upya hung'aa vizuri tu hata kama vyuma vya ndani vimekwisha.

Kibali kitangulie, kisha namba iliyochongwa kwenye bodi ilingane na ya kwenye karatasi. Namba iliyokwanguliwa haijadiliwi. Rudisha silaha, ondoka.

Majina yanayojirudia ni machache. Colt Detective Special, iliyotoka 1927, hubeba risasi 6 za .38 Special. Chiefs Special ya Smith & Wesson, ya 1950, ambayo tangu 1957 inaitwa Model 36, hubeba 5, ndiyo maana silinda yake ni nyembamba na hukaa mfukoni vizuri zaidi. Kitasa cha silinda cha Colt huvutwa nyuma, cha Smith husukumwa mbele.

Fungua silinda, hakikisha matundu yote ni matupu, kisha hakikisha tena. Omba ruhusa ya mwenye silaha kabla ya kuifyatua tupu. Vuta nyundo polepole kwa dole gumba huku kidole kingine kikiizuia silinda kidogo sana, kama breki nyepesi. Silinda inatakiwa ijifunge kabla nyundo haijanasa. Rudia kwa kila tundu, maana manne yanaweza kuwa sawa na la tano likachelewa. Tundu lililochelewa halitazamani sawasawa na mtutu: risasi inakwanguliwa ikipita, na vipande vya risasi vinaruka pembeni. Colt za zamani zinajulikana kwa hili, na fundi anayezielewa hapatikani kirahisi. Zenye nyundo iliyofichwa ndani utazipima kwa kuvuta triga taratibu.

Nyundo ikiwa imenasa, toa kidole kwenye triga, uisukume nyundo mbele kwa gumba. Ikianguka, kinachoishika kimelika au kuna mtu amekipiga tupa.

Funga silinda, chukua fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Nafasi kati ya silinda na mtutu ikiwa milimita 0.10 hadi 0.20 ni nzuri, ikipita 0.25, bei ishuke au uache. Pima silinda ikiwa imesukumwa nyuma, kisha mbele. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mchezo wa silinda, na ukiuona kwa macho tu, umeshakuwa mkubwa mno. Mwisho mulika tochi mdomo wa nyuma wa mtutu utafute ufa.

Muuzaji akisifu triga kuwa laini sana, shuku springi. Wengi huzikata, matokeo yake nyundo inagonga kidogo na risasi hailipuki.

Uzito nao una gharama zake. Model 36 ya chuma ina takriban gramu 550, Airweight, toleo lake lenye bodi ya aluminiamu, takriban 425. Tofauti hiyo ni raha mfukoni na karaha kiganjani. Isitoshe, silaha nyepesi ikirudi nyuma kwa nguvu, risasi zilizobaki huchomoka kidogo kwenye maganda yake, na kichwa kikitokeza mbele ya silinda, kila kitu kinakwama. Kabla ya kuamini aina fulani ya risasi, jaza tano, piga nne, kisha linganisha urefu wa ya tano na mpya. Risasi za +P, yaani zenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida, usizitie kwenye bodi kuukuu ya aluminiamu kama mtengenezaji hakuziruhusu.

Fimbo ya kutolea maganda ni fupi kwa sababu mtutu ni mfupi, kwa hiyo haiyasukumi hadi nje. Elekeza mtutu juu, piga fimbo mara moja kwa kiganja, kwa nguvu. Ukielekeza mtutu chini, ganda moja hujipenyeza chini ya nyota, kile chuma cha mwisho wa fimbo kinachosukuma maganda, na silinda haifungiki. Baruti isiyoungua ikikaa hapo huleta tatizo hilohilo. Mswaki mkavu unatosha. Matundu yenyewe yaache makavu, mafuta huweza kupenya na kuharibu kiwashio cha risasi. Na ule mtindo wa kufunga silinda kwa kutikisa mkono hupinda chuma kinachoibeba silinda.

Kuihifadhi, iwe kwenye kisanduku cha kufuli, risasi mbali nayo. Usiiache ndani ya ala ya ngozi: ngozi hushika unyevu, na kutu huanzia upande usioonekana.