Chumba kilichofuata urefu wa boriti

Nilipoamua kuongeza jiko na choo upande wa uwanda, katika nyumba aliyotuachia bibi yetu mtaani Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, fundi wa kwanza alinishauri nijenge kwa matofali, kisha nipige plasta ya saruji kuta zote, mpya na za zamani, ili zifanane. Nilimsikiliza, na mpaka leo naumia nikikumbuka. Masika yalipokwisha, ukuta wa mawe ya matumbawe ulianza kutoka jasho. Chumvi ikachanua kama unga, plasta ikafura, na nilipoigonga ikalia tupu. Kuibandua kulikuwa msiba mwingine, kwani iliondoka na vipande vya jiwe lenyewe. Ukuta wa mawe na chokaa huvuta unyevu wa ardhini na kuutoa kwenye hewa, lakini saruji ilikuwa imeufungia ndani, nao ukapanda mpaka karibu na vichwa vya boriti.

Mara ya pili nilimwendea mzee mmoja wa mtaa wa Malindi aliyefanya kazi ya chokaa tangu ujana wake. Ramani yangu hakuitazama. "Mwanangu," aliniambia, "twende kwanza tukachague boriti, ndipo tujue chumba kina upana gani." Boriti za mikoko hazivuki salama zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, mimi nilikuwa nimechora mita 4. Tulichora upya kwa mita 2.6, na ramani hiyo ndiyo niliyoiombea kibali, ambacho hakikwepeki, kwa kuwa mji wetu umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000.

Jambo ninalojivunia zaidi ni mahali kuta mbili zinapokutana. Wengi walisisitiza tuupachike ukuta mpya ndani ya wa zamani, ila mzee alikataa: nyumba ya kale imekwisha kukaa, mpya bado itazama kidogo, na zikifungwa pamoja mojawapo itapasuka. Tuliacha mwanya mwembamba, tukaujaza chokaa laini iliyolowekwa shimoni kwa wiki kadhaa. Chokaa hiyo na ujira wa mzee vilinigharimu takriban mara mbili ya saruji, na sikusita kulipa. Paa la jiko tuliliweka chini ya mlizamu wa zamani, ule mfereji wa kutolea maji ya mvua, na baada ya masika mawili ufa mmoja tu umejitokeza, mwembamba kama uzi, palepale kwenye mwanya.