Mashine yangu ya CNC imeacha kuyumba, na zege halikuhusika

Mashine yangu ya CNC, ile ya kuchonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta, ilikuwa inaacha mawimbi kwenye mlango wa mninga, na kila niliyemwonyesha alikuwa na dawa yake. Mota haina nguvu, nunua kubwa. Punguza spidi. Ongeza spidi. Aliyejiamini kuliko wote, fundi wa kuchomelea wa mtaa wa pili, akasema nijaze fremu zege, "ikae kiume". Tukajaza, maana mfuko wa saruji si hela ya kulilia. Mashine ikawa haisogei hata ikisukumwa na kikosi cha vijana wa Keko, ila ua la duara bado linatoka yai.

Zege lina kazi yake, hilo silibishi. Linameza mtetemo, na hata viwandani wapo wanaomimina vitako vya mashine kwa kokoto na epoksi, ile gundi ya kuchanganya maji mawili inayokauka ngumu. Ila la kwangu lilikwenda kwenye fremu ya chini, na fremu ya chini haikuwa na ugonjwa wowote. Hakuna aliyepima. Wote walikuwa wanatazama tu na kutikisa kichwa.

Nikaenda mtaa wa Gerezani, hapa Dar, kwa jamaa wa injini, nikaazima saa ya kupimia, ile wanayoitega kwenye kranki kuona inacheza kiasi gani. Inasoma hadi sehemu moja ya mia ya milimita. Kitako chake ni sumaku, na fremu yangu ni ya alumini, kwa hiyo haishiki popote; nikafunga kipande cha pleti ya chuma mezani kwa bolti, sumaku ikang'ata hapo. Kisha nikachukua mizani ya kuning'iniza, ya kupimia mabegi ya safari, nikaitia kulabu kwenye shingo ya mota ya kisu, nikamwambia kijana wangu avute kuelekea kwake mpaka isome kilo 10 na asiachie.

Saa ikiwa imegusa biti, yaani kisu chenyewe kinachokata: milimita 0.9. Karibu milimita nzima, kwa nguvu ya mkono mmoja! Raha yenyewe inaanzia hapo. Mvuto ni ule ule, unahamisha saa tu. Kwenye bati linaloshika mota, 0.7. Kwenye kigari kinachotembea juu ya shafti, zile fimbo za chuma za mviringo, 0.6. Kwenye mbao za pembeni, pale shafti zinapoingia, mshale haukujali. Yaani mbao ambazo kila mgeni alikuwa anazinyooshea kidole zilikuwa hazina hatia. Kati ya 0.6 na karibu sifuri kuna kitu kimoja tu: shafti mbili za milimita 16, zinaning'inia hewani sentimita 70 bila kitu cha kuzibeba katikati.

Na hesabu yake haina huruma. Shafti ukiifanya nene mara mbili inakuwa ngumu mara 16. Ukikata urefu nusu, ngumu mara 8. Ndiyo maana mwenye mashine ya sentimita 30 anajisifu na shafti hizo hizo, wala hasemi uongo.

Nikazing'oa. Nikaweka skwea paipu ya chuma, 100 kwa 100, unene milimita 4, na reli mbili za mraba za milimita 20 juu yake. Waliosema alumini ndiyo ya kisasa waendelee. Chuma ni kizito karibu mara tatu, lakini kinakataa kupinda mara tatu vilevile. Reli niliagiza China, na usafiri na ushuru zilikula kama laki nne, pengine na zaidi. Bomba lilikuwa la bei ya kawaida.

Sasa, skwea paipu ya dukani haijanyooka, asikudanganye mtu. Laza rula ya chuma juu yake, mulika tochi kwa nyuma, utaona mwanga unapita. Ukifunga reli hapo inafuata tumbo la bomba na beringi zinakaba. Karakana ya kuchonga ilinitajia bei iliyozidi bomba lenyewe, nikacheka, nikanunua epoksi nyepesi ya kukauka polepole. Unapiga msasa uso wa bomba mpaka ung'ae, unalitega bomba kwa pima maji, unabana fito pembeni zilizovishwa seloteipu ya nailoni, unamimina. Inajisawazisha yenyewe kama maji kwenye sinia. Pembeni inapanda kidogo inapogusa fito, ila hapo ni kwenye kona ya bomba, reli haifiki.

Mimina alfajiri. Joto la Dar linaikausha kabla mapovu hayajatoka. Na usiiache kwenye kopo: kijana wangu alichanganya yote kwa pamoja akaenda kunywa chai kwanza, aliporudi kopo linafuka moshi na epoksi imekuwa jiwe. Ikimwagwa nyembamba haichemki hivyo. Funika na boksi, la sivyo vumbi la randa litalala humo. Kisha iache, usiiguseguse kwa kidole kila saa kuona kama imekauka. Mimi niliiacha mpaka wiki ikapita.

Kutoboa na kufunga reli mnajua.

Kilo 10 zile zile, saa kwenye biti sasa inasoma 0.15, na sehemu kubwa ya hiyo ni bati la mota, ambalo nitalibadilisha nikipata pleti nene. Kwenye mninga nashusha kisu milimita 3 kwa mkupuo, zamani hata milimita moja ilikuwa ni kelele mtaa mzima. Biti nayo naibana karibu na shingo kadiri kazi inavyoruhusu, kwa sababu ile ile ya urefu.

Zege bado limo kwenye fremu. Kulitoa ni kazi kuliko kuliweka.