Siku Pure Ilipogoma Kuiva Mbeya

Chakula ambacho sisi wa Mombasa twakiita pure, Mbeya kinaitwa makande, au kande kwa mkato. Tofauti ni nazi. Huko mahindi na maharage huungwa kwa kitunguu, nyanya na mafuta, wengine hutia karanga zilizotwangwa. Kwetu bila tui haijawa pure. Hilo mimi na Somo tulilijua tangu wiki ya kwanza. Tusilolijua ndilo lililotutoa jasho Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, tukiwa mwaka wa kwanza chuoni, wenzetu 10 wa darasani tumewaalika saa saba mchana.

Somo si jina lake. Tuna jina moja, na Waswahili wenye jina moja huitana somo mpaka uzeeni. Tuliondoka pamoja Mombasa, tukavuka mpaka Lunga Lunga na Horohoro, tukashuka Tanga, kisha Chalinze, Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga, Makambako, hadi Mbeya. Ndani ya begi lake mlikuwa na mbuzi ya kukunia nazi. Nilimcheka safari nzima.

Tulipanga chumba Iyunga kwa mama mmoja wa Kinyakyusa. Kupikia tulipikia uani, kwenye jiko la mkaa lililokandikwa udongo ndani.

Vipimo havikuwa na kasoro. Watu 12: mahindi yaliyokobolewa kilo moja na nusu, maharage kilo moja, sufuria ya lita 12 ili vikifura visimwagike. Mahindi na maharage tuliloweka mbalimbali Ijumaa usiku, maana haviivi kwa wakati mmoja. Mahindi hutangulia jikoni. Mombasa ukiloweka saa mbili usiku, alfajiri punje zimeshajaa maji. Asubuhi ile nilivunja harage moja kwa kucha. Nje laini, katikati kavu na jeupe kama chaki. Ndoo ilikuwa imelala uani, na maji yalikuwa ya kuuma vidole. Nafaka hunywa maji polepole yakiwa ya baridi, na usiku wa Juni Mbeya ni baridi ya kuvalia koti kitandani. Ilitupasa ama kulowekea maji ya uvuguvugu na kuifunga ndoo blanketi, ama kuanza Ijumaa mchana.

Na maharage yenyewe tuliyanunua vibaya. Pale Mwanjelwa tulichagua mchanganyiko kwa sababu ulikuwa rahisi: mekundu, ya njano, yenye madoadoa, yote ndani ya sado moja, lile kopo la kupimia nafaka. Kila aina ina wakati wake wa kuiva, kwa hiyo mchanganyiko hukupa uji na kokoto ndani ya upawa mmoja. Tena mengine yalikuwa ya msimu uliopita. Harage likikaa sana ghalani, hasa penye joto na unyevu, huwa gumu kiasi kwamba hata moto wa kutwa haulivunji vizuri. Wenyeji huuliza kwanza, "Ni ya msimu huu?" halafu huchagua aina moja, aghalabu ya njano, kwa kuwa huiva upesi. Kituo cha utafiti cha Uyole, hapo hapo mjini, kimetoa hata mbegu inayoitwa Njano Uyole. Sisi tulikuwa tunaangalia bei.

Tuliinjika mahindi saa mbili asubuhi, maharage yakafuata saa tatu. Hesabu yetu ilikuwa ya Mombasa: saa mbili na nusu za moto, nusu saa ya tui, watu wale. Sufuria ikachemka vizuri, povu juu, kifuniko kikicheza. Saa sita nikaonja. Gumu. Saa saba kasoro robo nikaonja tena, bado likatoa sauti mdomoni.

Hapa ndipo fizikia ilipotuaibisha, na mimi ndiyo niliyokuwa nasomea kuifundisha. Kila mtoto wa shule hukariri kwamba maji huchemka nyuzi 100. Hiyo ni Mombasa, usawa wa bahari. Mbeya iko juu kiasi cha mita 1,700, hewa ni nyepesi, na maji huchemka mapema kwa takribani nyuzi moja kila mita 300 unazopanda. Jumatatu iliyofuata tuliyachemsha maabara, kipimajoto kikasimama 94. Uchochee, upepee, utie mkaa debe zima, yatatoa mvuke mwingi zaidi lakini hayatapanda. Nyuzi sita zasikika chache, ila harage huzisikia: huchukua muda mrefu zaidi kulainika. Ndiyo maana mwenye sufuria ya presha huko ni tajiri. Humo mvuke hubanwa, na joto hupita nyuzi 110. Jiwe tuliloliweka juu ya kifuniko halibani kitu. Lilisaidia tu mvuke usipotee ovyo.

Maji yakipungua Somo alikuwa akiongeza ya bomba. Kila kopo lilizima mchemko kwa dakika kadhaa, na kwa maji ya Mbeya ni kama kurudi saa nzima nyuma. Inatakiwa birika iwe pembeni ya moto muda wote, uongeze yaliyochemka.

Kosa kubwa zaidi ni langu. Wageni walipobisha hodi niliingiwa na haraka, nikaona angalau nianze kuunga, tena niwatie wenyeji ladha yao. Nikakatia nyanya nane humo na kukamulia ndimu. Uchachu ni adui wa maharage mabichi. Hukaza ile gundi inayoshika kuta za chembe za harage, na maadamu uchachu umo halilainiki hata ukeshe nalo. Nyanya, ndimu, ukwaju, vyote ni baada ya kuiva.

Somo hakunisema. Alitaka kuizungushia sufuria nguo isipoteze joto kwa upepo, akamwambia mjukuu wa mwenye nyumba, "Hebu niletee leso ile kubwa mlangoni." Mtoto akaingia, akakaa sana, akarudi na kitambaa cha kufutia kamasi, kisafi, kimekunjwa mara nne. Huko leso ndiyo hiyo. Ya kujifunga ni kanga. Wageni walicheka mpaka mama mwenyewe akatoka kuona kuna nini.

Aliinama, akachota punje mbili, akazibonyeza.

"Mmetia nyanya, wanangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwageni supu yote."

Tuliimwaga. Tukasuuza mara mbili kwa maji ya moto kuondoa ule uchachu, tukaanza upya na maji yaliyochemka, yafunike kwa vidole viwili tu juu. Mama akaleta bonge la magadi kiasi cha ncha ya dole gumba, akaliyeyusha kwenye kikombe cha maji vuguvugu, akaliacha mchanga utuame. Ya juu, yaliyo safi, alitia vijiko vitatu vya chakula, basi. Magadi hufanya kinyume cha ndimu, hulegeza ile gundi. Ukizidisha, maharage huwa rojo, rangi huiva vibaya, ladha huwa ya sabuni, na vitamini B1 hupotea. Ndiyo maana mimi siyatii kila siku. Ni dawa, si kiungo.

Wageni wakala viazi vya kuchemsha na parachichi, chai ikazunguka mara tatu. Dakika 50 baadaye ngozi za maharage zikaanza kupasuka. Mahindi yalihitaji nusu saa tena.

Somo alikuwa na nazi tatu za Soko Matola. Minazi haikui penye baridi ile, nazi zote husafiri kutoka mbali, kwa hiyo tikisa kwanza usikie maji, na unuse macho yake. Moja yetu ilikuwa imeoza. Mbili alizikuna kwa ile mbuzi niliyoicheka. Alipokamua kwa maji baridi lilitoka tui jepesi kama maji ya kuoshea mchele, kwa sababu mafuta ya nazi huganda joto likiwa chini ya nyuzi 24 hivi, na chicha ilibaki nayo yote. Akarudia kwa maji ya uvuguvugu wa mwili. Tui likaja zito. Jepesi lilitangulia na chumvi na kitunguu, zito likafuata mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, huku akikoroga pasipo kupumzika lisikatike.

Tulipakua saa kumi na moja jioni. Mama alikula sahani moja, akasema, "Ndaga fijo," kisha akauliza kama kwetu hata mboga twazitia nazi. Somo akamwambia hata samaki.

Pure iliyobaki ililala ndani ya sufuria. Jumapili asubuhi tuliifunua tukakuta juu limetanda tabaka jeupe, gumu, mithili ya samli. Lilikuwa tui letu, limeganda usiku. Mombasa sijapata kuliona hivyo. Somo aligonga kwa kijiko, likatoa sauti, akavunja kipande akakitia kinywani, kisha akaniambia niwashe jiko.